Tuta Lililokwenda Kuoa

Sikilizeni hii, na anayebisha akaiulize barabara yenyewe. Kobe alikuwa akioa siku hiyo, na bibi harusi alimngoja ng'ambo ya barabara kubwa ya mji wa wanyama. Kobe akasimama kwenye kivuko, akapunga kofia yake. Hakuna aliyesimama.

"Mzee, utaoa mwakani!" Duma akamcheka. Yeye alikuwa akienda na kurudi na gari lake jipya, kujionyesha tu.

"Kobe!" bibi harusi akapiga kelele. "Shehe anataka kuondoka!"

Kobe akaingia barabarani, akaficha kichwa na miguu, akatulia tuli. Duma aliporudi, akafunga breki hadi matairi yakalia.

"Mama yangu, tuta jipya! Springi zangu!"

Nyuma yake foleni nzima ikasimama kwa adabu. Walipokuwa wakililaani tuta, tuta likatoa miguu, likavuka, likaoa. Pilau yake nimeila mimi.

Duma akamkimbilia Tembo, askari wa barabarani. "Afande, tuta limeota miguu, limekwenda harusini!"

Tembo akatoa kifaa cha kupimia ulevi.

"Puliza hapa, kijana. Tena kwa nguvu."