Taa Nyekundu ya Jumamosi

Siku hizi simu zote za huduma hupigwa na kupokelewa na mashine, isipokuwa moja. Taa nyekundu ya hitilafu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi ya gari lolote, sheria inataka binadamu wa kituo cha huduma ampigie mwenye gari na asikate mpaka taa izime. Gari nalo halitoki mpaka hapo.

Ndiyo maana kila Jumamosi, akishakunywa chai yake peke yake, Mzee Shehoza wa Lushoto hujipenyeza chini ya gari, akalegeza kwa spana nati ya kutolea upepo kwenye breki, kisha akakanyaga pedali hadi taa iwake. Mazungumzo yakikaribia kwisha, huikaza nati ili taa izime.

Jumamosi hii pia simu ililia.

"Shikamoo, mzee. Ni Zawena wa kituo cha huduma."

"Marahaba, mwanangu. Imewaka tena."

"Kanyaga. Ngumu, au inazama?"

"Inazama kama nakanyaga tope. Umekula lakini?"

Zawena akacheka. Wakaongea habari za mvua, wakaongea habari za magoti ya mzee. Mwishowe mzee akajipa moyo.

"Leo naikaza nati moja kwa moja. Dada yangu kule Mombo anaumwa, nateremka kumuuguza."

Nyuma ya Zawena hakukusikika hata kiti kikisogezwa.

"Mzee, nilijua zamani kwamba unailegeza mwenyewe," alisema taratibu. "Magari ya wengine hayaharibiki tena. Umebaki wewe tu ninayempigia." Kisha akaongeza: "Nakuomba, usiikaze."

Mzee aliitazama barabara inayoteremka Mombo. Kisha akairudisha spana mfukoni bila kuikaza nati.