Meli Iliyofundishwa Kubisha Hodi

Siku hizo kila meli mpya ya kushusha askari ufukweni ililelewa kwanza na nyumba moja ya pwani, ili akili yake ijue adabu, ndipo jeshi la majini liichukue. Hii ilikuwa ya Mishi. Alizungumza nayo kupitia kidude kilichokaa juu ya kabati la vyombo, huku akikuna nazi, na alichokikazania zaidi kilikuwa hodi.

"Piga mara tatu, mwanangu. Usipoitikiwa, rudi ulikotoka."

Leo ilikuwa ikikabidhiwa, na Mishi alisimama ufukweni na leso zake mpya, kifua mbele. Na kweli, hicho kilikuwa chombo! Kilikuja bila kelele, kikapunguza mwendo chenyewe, kikagusa mchanga taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Umetulelea vizuri, mama," alisema Kapteni Mwachiro, aliyekuja kuipokea. "Nyingine hubisha hodi zikabaki kungoja. Hii yako haikwami popote."

Meli ikapiga hodi. Ikapiga tena. Ilipopiga ya tatu, Mishi akatabasamu, akavuta pumzi aitikie.

"Karibuni! Karibuni ndani, msiogope!"

Ilikuwa sauti ya Mishi, hata na kikohozi chake cha asubuhi, lakini ilitoka ndani ya meli. Mlango mkubwa wa mbele ukashuka, askari wakamiminika na bunduki zao kuelekea kwenye nyumba, na kila aliyempita alimwambia kwa heshima, "Asante, mama."

Mishi alikuwa bado hajafungua kinywa.