Chumvi ya Mchana

Siku hizi mgonjwa haambiwi. Mashine ya hospitali huchunguza kipande cha ulimi kilichokatwa, ikatabiri kama saratani itarudi, na jibu hupewa watu wa nyumbani peke yao. Mgonjwa akijua, sheria inasema, hufa kabla ya siku zake.

Saratani ya ulimi ya Bi Mwanahamisi iliwahiwa ingali changa. Asubuhi hiyo mumewe, Mzee Sefu, aliitwa kuchukua jibu. Alirudi na samaki, akalalamikia jua tu.

Bi Mwanahamisi hakuuliza. Mtaa mzima ulijua Mzee Sefu alivyo na mdomo kwenye chakula: chumvi ikizidi kidogo tu, sahani inasukumwa na nyumba haikaliki. Basi alichota chumvi kiganja kizima akaitia kwenye mchuzi wa nazi, akakoroga, akatia kiganja kingine. Akapakua, akaketi mkekani kuwatazama mumewe na binti yao, Saumu.

Saumu alitia tonge kinywani, akainamisha uso. Mzee Sefu alitafuna polepole, akameza kwa shida.

Nigombeze, Bi Mwanahamisi aliomba moyoni. Nigombeze kama jana, mume wangu, hata matusi nitayapokea.

"Vipi mchuzi, baba Saumu?"

Mzee Sefu hakumtazama. Alikomba sahani kwa vidole mpaka ikabaki nyeupe, macho yamemwiva.

"Mtamu, mke wangu," alisema, akamsogezea sahani. "Hebu niongeze."