Mtaimbo wa Mama Mkwe

Asubuhi nilipoupapasa moyo wa mkonge wangu, ule msokoto wa majani machanga katikati, nilikuta umekonda kama kifundo cha mkono wa mtoto. Nikapiga kelele uani: "Mama! Umeiva!"

Mama mkwe wangu, Eufrosina, hakuziacha hata chapati zake za mahindi. "Umeiva wapi? Mtoto wa mjini Puebla unajua nini? Ukate mbichi, utakunywa machozi!"

Mkonge ule niliupanda nilipoletwa hapa bibi harusi, miaka kumi na miwili iliyopita. Moyo ukishakonda hivyo, maua yako njiani: ningechelewa siku tatu tu, ungechomoza mlingoti wa maua na kuyanywa maji yote matamu tunayoyakinga kwa pombe.

Nikaushika mtaimbo wa mama mkwe, ambao hajawahi kumwazima mtu.

"Thubutu uone!"

Nikathubutu. Nilijipenyeza kati ya majani, miiba ikanichana hadi viwikoni, nikauchomeka mtaimbo katikati na kuusukuma kwa uzito wangu wote. Moyo ukang'oka mzima, mweupe, majani yake machanga yamechapwa alama za miiba ya wenzao.

Mama mkwe akaja mbio, mikono imejaa unga. Akamega kipande cha ule moyo kuonja utamu wake, akakitafuna taratibu.

Akatema makapi. Akageuka kuutazama mkonge wake mwenyewe, ule wa kando ya ukuta ambao haturuhusiwi hata kufagia chini yake.

"Huo mtaimbo usiuweke chini," akasema. "Njoo unipapasie na huu wangu."