Mbwa Aliyerudishwa

Bi Perpetua alikuwa amechoka kufuga. Asubuhi ile, magoti yakimuuma, alikuwa ameanza kulibomoa banda alimozalishia mbwa maisha yake yote, ndipo gari liliposimama langoni. Akashuka mwanamume akimvuta mbwa wa kahawia aliyekonda, shingo imechubuliwa na mnyororo.

"Shikamoo, mama. Hunikumbuki? Nilimchukua huyu kwako akiwa mdogo."

"Marahaba. Wewe nimekusahau. Yeye namkumbuka."

Angemsahau vipi? Mbwa huyo alizaliwa hapumui, Bi Perpetua akampulizia pumzi puani mpaka akalia.

"Tunahama," mwanamume alisema, macho chini. "Na mama, ulisema tukishindwa tumrudishe, tusimtupe."

"Nilisema."

Alitamani kumwambia kwamba wakati ule alikuwa na nguvu, na kwamba sasa hata ndoo ya maji inamshinda. Akaitazama ile shingo.

"Mfungue," alisema. "Huo mnyororo uondoke nao."

Gari lilipoondoka, mbwa alilikimbilia hadi langoni, akaketi akiitazama barabara. Bi Perpetua alimwita kwa jina alilompa utotoni. Hakugeuka. Basi akachemsha maji, akayatia chumvi, akayaacha yapoe, kisha akamfuata kule kule langoni. Alijishusha chini taratibu, huku akiguna, akaanza kumwosha kidonda kwa kitambaa. Mbwa alitetemeka, lakini hakuondoka.

Kila gari lilipopita, alisimamisha masikio. Bi Perpetua naye alisitisha mkono, akingoja lipite.