Kumsubiri Aliyeanguka

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2019. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na upepo wa ubavuni, ule unaowatawanya waendesha baiskeli barabarani kama kuku.

Wazee wawili wenye suti walikuwa wakipanda kilima cha mawe kuelekea kanisa la Nederkouter. Firmin angeweza kufika mapema sana. Lakini mwenzake, Odiel, alikuwa akitembelea gongo, na kila baada ya hatua chache Firmin alisimama ili asimpite.

"Pita tu, bwana," Odiel alihema.

"Nikupite na gongo lako? Unaniona mimi mhuni?"

Kule Flanders mbio za baiskeli ni dini ya pili, na siku nyingine ni ya kwanza, Mungu atusamehe. Amri zake hata watoto wanazijua. Kiongozi akianguka, msubiri. Akipata pancha, msubiri. Akisimama kando kukojoa, punguza mwendo, tazama mashamba, msubiri.

Wazee hawa hawakuwahi kushindana barabarani. Walikuwa mashabiki tu. Walichoshindania ni Godelieve, mjane mwenye baa.

Mwezi Aprili, siku mbio kubwa zilipopita kijijini, Firmin alikuwa na pete mfukoni. Alipanga kusema neno lake msafara ukishapita. Kumbe Odiel amepanda juu ya pipa la bia ili awe wa kwanza kuziona jezi. Pipa likabingirika, nyonga ikavunjika.

Firmin aliigusa ile pete, akaiacha palepale mfukoni.

"Siwezi kuchomoka wakati wewe uko chini," alimwambia Odiel hospitalini. "Siku utakayosimama, tunaanza upya, sawa kwa sawa."

Odiel alitokwa na machozi. "Wewe ni muungwana, Firmin."

"Usiongee sana. Pona."

Tangu hapo Firmin aliwasha mshumaa kila asubuhi kuiombea nyonga ile. Kijiji kizima kilisifu upendo wake. Hakuna aliyewahi kumwombea mpinzani wake uzima kwa bidii namna hiyo, wala kwa hasira namna hiyo.

Godelieve naye hakukaa kimya. "Firmin, una neno la kuniambia?"

"Ninalo. Ila si sasa. Odiel bado yuko chini."

"Chini wapi? Jana nimempelekea supu, kaketi kitandani anakula vizuri."

"Ndiyo hivyo. Kaketi. Hajasimama."

Godelieve akaenda kupokea mapipa kutoka kwa Teun.

Teun, Mholanzi, ndiye aliyeendesha lori la bia. Zamani alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, na alishinda mara moja tu maishani: alichomoka wakati kiongozi wa mbio, kijana wa hapohapo Nederkouter, amesimama kukojoa. Miaka mingi imepita, lakini wanaume wa baa ile bado humgeuzia mgongo akiingia.

"Mtu hana haya," Firmin alisema mara lori lilipoondoka. "Mwenzako kashusha kaptula, wewe unakanyaga pedeli!"

"Lakini alishinda," alisema Godelieve, akifuta glasi.

Baa nzima ilimkodolea macho, kana kwamba ametukana katikati ya misa.

Na sasa, juzi Alhamisi, Odiel alisimama. Alitetemeka, akashika gongo, lakini alisimama. Wazee wakapeana mikono: mbio zimeanza. Wakaenda baa bega kwa bega. Kabla hawajafungua kinywa, Godelieve akawawahi.

"Jumamosi saa nne, kanisani, na suti. Nimeshaamua, na nitasema mbele ya watu. Msikose. Nawahitaji nyote wawili."

"Umesikia?" Odiel alinong'ona walipotoka. "Mshindi atajulikana kwenye mstari."

"Basi hakuna kusukumana."

"Wala kuvutana shati."

Ndiyo maana asubuhi hii walipanda kilima pamoja na kuingia mlangoni pamoja, ingawa iliwabidi wapite kiubavuubavu. Kanisa lilikuwa limejaa. Godelieve alisimama mbele ya altare, gauni la buluu, maua mkononi, mzuri kuliko siku zote.

"Firmin, kulia kwake," alisema Padre Ignaas. "Odiel, kushoto. Hapohapo. Vizuri."

Firmin aliingiza mkono mfukoni, akaikamata pete. Bwana, aliomba kimoyomoyo, mapenzi yako yatimizwe, ila nakukumbusha ile mishumaa.

Padre alifungua kitabu, akasoma, akauliza maswali. Nyuma yao viatu vya mtu vilikuwa vimegonga sakafu vikija mbele, lakini hakuna kati yao aliyegeuka. Firmin alikuwa akimchunga Odiel, Odiel akimchunga Firmin, kila mmoja akihakikisha mwenzake hachomoki.

Ndipo sauti ya Godelieve ikasikika, wazi, hadi viti vya nyuma kabisa:

"Mbele ya Mungu, na mbele ya mashahidi wangu hawa wawili, Firmin na Odiel, mimi Godelieve nakupokea wewe, Teun, uwe mume wangu, na naahidi kuwa mwaminifu kwako katika taabu na raha, siku zote za maisha yangu."