Jina la Seva ya Kwanza

Kambale alikuwa anajifunza kuongoza seva nyingi, kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, kwa amri moja. Seva zenyewe hakuwa nazo, kwa hiyo aliunda ndogo za mazoezi katika makontena, visanduku vya programu ndani ya kompyuta yake, pembeni ya mama yake aliyekuwa anachambua maharage.

"Ile ya kwanza unaiita nani?"

"Moja, mama."

"Moja haiko jina. Kwetu mutoto mwanaume wa kwanza anaitwaka Paluku."

Tangu kaka mkubwa wa Kambale apotee kwenye barabara ya Manguredjipa, mama hakuwahi kulitamka jina hilo.

Akafuta "moja", akaandika "paluku", kisha akatuma amri ya kuiita.

"Ameitika?"

"Ameitika, mama."

Punje ya harage ilibaki katikati ya vidole vya mama.

"Muite tena."